Dengu za Kuoka: Somo Tulilolipata kwa Mwanafunzi Wetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ama baad. Wapenzi wasomaji, wazazi wenzetu na nyinyi wanafunzi wetu, leo hatukuja na somo la fiqhi wala la tajwidi. Tumekuja na dengu. Ndiyo, dengu hizi hizi tunazozipika mchuzi na ambazo unga wake tunaukaangia bajia. Huenda wengine wakauliza, mwalimu wa madrasa, mwanamume aliyevuka miaka arobaini, ana habari gani na mambo ya jikoni? Nasi tulikuwa tukijiuliza hivyo hivyo. Lakini lilitutokea jambo darasani ambalo tukilinyamazia tutakuwa tumeficha faida, na juu ya hapo tutakuwa tumeficha kosa letu wenyewe.

Kisa chenyewe

Tunasomesha madrasa ya alasiri hapa Buyenzi, mjini Bujumbura. Anayeujua mtaa huu anazijua barabara zake zenye namba badala ya majina, mafundi magari waliojipanga pembeni, na Kiswahili kinachosemwa tangu barazani hadi sokoni. Watoto hutoka shule mchana, wakapita nyumbani, kisha wakaja kwetu baada ya swala ya alasiri. Darasa letu lina watoto thelathini na wanne, wakubwa wana miaka kumi na miwili, wadogo wana saba.

Mwaka 2023 tulikuwa na mwanafunzi mmoja wa miaka tisa. Jina lake tunaliweka kando. Alikuwa na hifdhi nzuri, lakini alikuwa akisinzia. Tukianza kusoma kwa pamoja, baada ya robo saa kichwa chake kinalala juu ya msahafu. Tulimuonya mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tukamwambia mbele ya wenzake kuwa uvivu ni maradhi. Wenzake wakacheka, nasi hatukuwakataza.

Siku moja tulimsimamisha. Tulimwambia asimame ukutani mpaka somo liishe, ili usingizi umtoke. Akasimama bila kujibu neno. Sisi tukaendelea kusikiliza usomaji wa wengine. Hatukumtazama tena mpaka tuliposikia kishindo. Mtoto alikuwa ameanguka, mdomo umegonga ukingo wa benchi, damu inamtoka.

Tulimbeba tukamlaza kwenye mkeka. Mwenzake akakimbia kumwita mama yake sokoni Ruvumera. Tukamuosha mdomo, na alipofumbua macho vizuri tukamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo. Tukamuuliza, "Umekula nini leo?" Akasema, "Krispi, Mwalimu." Tukamuuliza, "Na jana mchana?" Akasema, "Pipi."

Mama yake alipofika hakutugombeza. Ingekuwa afadhali angetugombeza. Ni mama anayelea watoto wake peke yake. Alikuwa na biashara yake katika soko kuu la mjini mpaka lilipoungua Januari 2013, na tangu hapo anauza nyanya na ndagala kwa kiasi anachokipata. Alituambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sisi chakula tunapika mara moja, usiku nikirudi. Mchana ninampa sarafu anunue kitu cha kushika tumbo."

Ndugu zangu, ni mara ngapi tumesomesha somo la haki ya jirani aliyelala na njaa? Tunalisomesha kila mwaka. Tumewatungia mitihani juu yake. Na mwenye njaa alikuwa amekaa mbele yetu, umbali wa dhiraa mbili, nasi tukamuadhibu.

Tulimuomba msamaha mama. Tulimuomba msamaha na mtoto, mbele ya wale wale waliomcheka. Tunakiri kuwa hilo la pili lilikuwa zito kwetu kuliko la kwanza.

Kwa nini dengu?

Usiku ule tulimweleza mama watoto wetu habari yote. Wazo letu lilikuwa kununua katoni za biskuti. Yeye akatucheka. Akasema, "Mnataka kumtoa kwenye krispi mumuingize kwenye biskuti? Mtoto anataka kitu kitakachokaa tumboni." Kisha akataja dengu za kukaanga zilizokuwa zikiuzwa kwenye vikaratasi alipokuwa msichana kwao Kigoma.

Tulipofuatilia tukaona amesema kweli. Dengu ni katika vyakula vya kale sana ambavyo binadamu amevilima, na asili yake ni upande wa kusini mashariki mwa Uturuki ya leo. Huko Uturuki mpaka sasa mji wa Çorum unasifika kwa dengu zilizokaangwa kavu, wenyewe wanaziita leblebi. India, ambayo inalima dengu nyingi kuliko nchi yoyote, watu huzikaanga ndani ya mchanga wa moto. Waarabu neno lao hummus maana yake ni dengu zenyewe, kabla ya kuwa jina la kile chakula cha kuponda. Na jirani zetu Tanzania wanazilima kwa wingi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kama Shinyanga na Mwanza. Hupandwa katika udongo mweusi wa mbugani mwisho wa mvua, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Basi hatukuwa tumeleta kitu kigeni.

Kuhusu afya, hesabu yake ni hii. Katika gramu 100 za dengu zilizochemshwa mna takriban gramu 9 za protini na gramu 7 hadi 8 za nyuzinyuzi. Protini inajenga mwili wa mtoto. Nyuzinyuzi zinafanya chakula kisagwe polepole, sukari iingie katika damu kwa utaratibu, na tumbo lisikie shibe kwa muda mrefu. Pipi inafanya kinyume chake: sukari inapanda upesi na haikai, na mtoto anarudi kwenye njaa yake. Dengu pia zina madini ya chuma, ambayo mwili unayapokea vizuri zaidi yakifuatana na kitu chenye vitamini C kama ndimu au chungwa, na unayapokea kwa shida yakifuatana na chai. Kwa hiyo ule mtindo wetu wa kushushia kila kitu kwa chai ya rangi, hapa tuuache.

Tulivyoharibu

Msidhani tulipatia mara ya kwanza. Tuliharibu mara tatu, na tunawaeleza ili nyinyi msipoteze dengu zenu.

Mara ya kwanza tulinunua zile ndogo za rangi ya kahawia zinazotoka Tanzania. Hatukujua kuwa dengu ni aina mbili. Kuna hizi ndogo zenye pembe na ganda gumu, na kuna zile kubwa nyeupe zinazoitwa kabuli, kwa kunasibishwa na mji wa Kabul. Ndogo ni nzuri kwa mchuzi na kwa unga, lakini sisi tulizichemsha kwa haraka tukazioka, zikawa mawe. Mama yetu mzazi alitafuna moja, akaitoa mdomoni akaiweka mezani. Akasema, "Hii mpeni fundi viatu." Zile ndogo zinafaa pia, ila zinataka kurowekwa na kuchemshwa muda mrefu zaidi. Kwa anayeanza, zile nyeupe ni rahisi.

Mara ya pili tuliazima oveni ya umeme kwa jirani. Dengu zilikuwa nyeupe, zimechemka vizuri. Tukaziweka zikiwa bado zinatiririka maji, kwa haraka ya kutaka kumaliza kabla ya magharibi. Baada ya dakika ishirini umeme ukakatika, ukarudi usiku wa manane. Tukapata kitu si cha kuchemsha wala cha kuoka. Tulikula wenyewe nyumbani siku mbili.

Mara ya tatu tulimwendea mwoka mikate wa mtaani kwetu. Ana tanuri la kuni, na akishatoa mikate ya alfajiri tanuri linabaki na moto wa bure. Tulimuomba atuwekee treya zetu. Tukaziingiza mara tu mikate ilipotoka, moto bado ni mkali, zikaungua nje na ndani zikabaki laini. Yeye akatufundisha: subirini tanuri lipoe kidogo, ukiweka kipande cha karatasi kisibadilike rangi upesi. Siku ya nne tukasubiri kama nusu saa, zikatoka zinalia tukizitikisa kwenye treya kama kokoto. Tulifurahi kama watoto.

Vipimo

Dengu nyeupe kavu: nusu kilo
Mafuta ya kupikia: vijiko 2 vya supu
Chumvi: kijiko 1 cha chai, kisizidi
Bizari nyembamba ya unga: kijiko 1 cha chai
Pilipili ya unga: robo kijiko cha chai, ukipenda
Ndimu: 1, ya kukamulia wakati wa kula

Namna ya kutayarisha

1. Chagua dengu, toa vijiwe, osha. Roweka usiku kucha katika maji mengi, kwani zinafura karibu mara mbili. Ukiroweka baada ya isha, alfajiri ziko tayari.

2. Mwaga maji ya kurowekea, suuza mara mbili. Kumwaga maji hayo kunapunguza gesi tumboni. Weka maji mapya, chemsha kiasi cha saa moja hadi saa moja na nusu. Zinatakiwa zipondeke ukizibana kwa vidole viwili, lakini zisipasuke zenyewe.

3. Chuja. Tandaza juu ya kitambaa safi, funika kwa kingine, sugua taratibu. Maganda yatakayotoka yaondoe. Ziache zikauke nusu saa au zaidi. Hapa ndipo tulipokosea sisi. Dengu yenye maji haiokeki, inajipika kwa mvuke.

4. Washa oveni mapema ifike nyuzi 200. Changanya dengu na mafuta na chumvi, tandaza kwenye treya kwa safu moja, zisipandane.

5. Oka dakika 35 hadi 45, ukitikisa treya kila baada ya dakika kumi na tano. Zikianza kuwa za rangi ya dhahabu, toa tatu, ziache zipoe, kisha tafuna. Usihukumu ikiwa ya moto, kwani ya moto huonekana laini.

6. Zikiwa tayari, nyunyiza bizari na pilipili hapo hapo, changanya. Ukitia viungo mwanzoni vinaungua na kuwa vichungu.

7. Zima oveni, acha mlango wazi kidogo, dengu zipoe humo humo. Usizifunike zikiwa na moto, mvuke utazilainisha. Zikipoa kabisa tia kwenye chupa kavu. Ukavu wake mzuri ni wa siku mbili au tatu. Zikilainika, zirudishe kwenye oveni dakika kumi.

Asiye na oveni asikate tamaa. Chukua sufuria pana na nzito, weka dengu safu moja, moto mdogo chini, funika na upalie makaa juu ya mfuniko kama tunavyofanya mkate wa kumimina. Inachukua muda zaidi, na kutikisa kunatakiwa kuwe kwa mara nyingi, lakini zinakauka.

Bibi wa Pipi

Sasa tuje kwenye jambo lililotusumbua zaidi ya kuoka.

Nje ya lango la madrasa anakaa mama mmoja mtu mzima, mjane, watoto wanamwita Bibi wa Pipi. Anauza pipi, krispi na vifuko vya juisi ya rangi. Tulipoanza kugawa dengu, kilo moja Jumatatu na kilo moja Alhamisi, baadhi ya wazazi walitushauri tumuondoe langoni. Walisema tukishatoa chakula chema, cha nini tena kuacha kibaya mlangoni? Hoja ilikuwa na nguvu, na tulikaribia kumwambia.

Tulipomwendea, kabla hatujasema neno alituuliza, "Mwalimu, nimesikia mna dengu. Ni kweli hazina mafuta mengi? Mimi nina sukari, daktari amenikataza bidhaa zangu mwenyewe." Tukakaa kitako pale kwenye kigoda. Akatuhesabia anachopata kwa siku: kinatosha unga na makaa, na kodi ya chumba hulipa mwanawe akiwa na kazi. Tungemuondoa mchana, usiku wake tungekuwa tumemuongeza yeye kwenye orodha ya wenye njaa.

Tukamletea kilo mbili za dengu kwa mkopo, mama watoto wetu akamuelekeza. Yule mwoka mikate akakubali kumpa nafasi tanurini. Hatutawadanganya kuwa mambo yalinyooka. Wiki ya kwanza hakuuza hata nusu. Watoto walimwambia za Mwalimu ni za bure, kwa nini wanunue? Wiki ya pili akaongeza pilipili na kukamulia ndimu pale pale mbele ya mnunuzi, mafundi magari wakaanza kununua. Leo bado anauza pipi, kwa sababu pipi zinauzika. Lakini vifuko vya juisi ya rangi ameviacha, na mahali pake pana bakuli la dengu. Wazazi wengine hawakuridhika na uamuzi huo. Tunawaheshimu, lakini hatukuona haki ya kulisha mtoto kwa kumtoa chakula mdomoni bibi yake.

Mfuko wa kaptula

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Kila mtoto alipewa ukufi mmoja. Baada ya wiki kadhaa tukaona yeye bado anasinzia, ingawa si kama zamani. Safari hii hatukumsimamisha. Tulimwita pembeni, tukaona mfuko wake wa kaptula umevimba. Tukamuuliza, "Mbona huli?" Akainama. Akasema, "Ninakula nusu, Mwalimu. Nusu ninampelekea mdogo wangu."

Tukauliza mdogo wake ana miaka mingapi. Akasema bado hajajua kusema, anatambaa na kusimama.

Tulishtuka. Wazazi, tafadhali lishikeni hili: dengu kavu, kama karanga, ni hatari kwa mtoto mdogo. Ni za mviringo na ngumu, meno yake hayajaweza kuzisaga, na zinaweza kumkaba koo. Mtoto aliye chini ya miaka minne au mitano asipewe kabisa. Na wakubwa wale wakiwa wamekaa, si wakikimbia wala wakicheka. Mtoto wa kaka mwenye huruma alikuwa akipelekewa hatari mfukoni, na aliyeitia hatari hiyo mkononi mwa kaka ni sisi.

Jioni ile ile tulikwenda nyumbani kwao na mama watoto wetu. Alhamdulillah hakuna lililokuwa limetokea, kwani mama yao alikuwa akizilowesha na kumpondea. Yeye alikuwa na akili ambayo sisi walimu hatukuwa nayo. Tangu siku hiyo, kila tukichemsha dengu tunatenga bakuli moja la zilizochemka bila kuokwa, zinapondwa laini, na kijana anakwenda nalo kwao. Nusu ya mfukoni sasa anakula mwenyewe, na tunamtazama mpaka amalize.

Mdomo wake umebaki na kovu dogo upande wa kushoto. Akisoma mbele yetu tunaliona.

Wapenzi wasomaji, hatusemi kila mtoto anayesinzia ana njaa. Wengine hukesha na simu, wengine wana homa ya malaria. Tunalowaomba walimu wenzetu ni swali moja kabla ya adhabu: umekula nini leo? Na tunalowaomba wazazi wenye uwezo: mkiroweka dengu zenu usiku, ongezeni kikombe kimoja. Mtaani kwenu yupo wa kukila.

Tunamuomba Allah atusamehe tulipokosea, awape afya watoto wetu na awatanulie riziki mama zao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.